Kinu Kinachotwanga Maji

Mashua iko juu ya ng'ombe. Ukiitazama haraka picha hii ya Uholanzi, iliyopigwa mwishoni mwa karne ya 19, hutaliona jambo hilo, kwa sababu macho hukimbilia vinu viwili vya upepo vilivyosimama mbali kidogo, na kutoka hapo hupanda mawinguni. Rudi chini, kwenye njia ya udongo inayoikata picha katikati. Mpigapicha alisimama juu ya njia hiyo. Kushoto kwake kuna maji mapana yaliyotulia, na mashua ya mlingoti mmoja imefungwa kando. Kutoka njiani hadi majini ni mteremko wa hatua mbili. Kulia kuna malisho, ng'ombe watatu na mtaro mwembamba. Kutoka njiani hadi kwenye nyasi ni mteremko wa hatua saba au nane, mkali kiasi kwamba mwanamke anayeupanda na mzega wa maziwa mabegani ameinama mbele kwa uzito. Maji yako juu, nchi kavu iko chini, na katikati hakuna kingine ila udongo uliorundikwa na watu.

Kazi yangu ni maneno, na picha hii imenikalia mezani kwa muda mrefu kwa sababu ya swali moja la kikazi: mtu akitaka maelezo yake kwa Kiswahili, aandike nini? "Mandhari ya Uholanzi yenye vinu vya upepo" ni jibu lililo tayari, na halina kosa la sarufi. Ila limeacha nje karibu kila kilichomo. Picha ya zamani husomwa kwa majina ya vitu. Kisicho na jina, jicho hukiruka.

Tuanze na maji, maana humu hayako ya aina moja. Ule mkondo mwembamba wa malishoni Waholanzi huuita sloot, nasi tuna mtaro, neno linalotosha kabisa. Mitaro ya mashamba mengi humwaga maji yake kwenye mfereji mpana zaidi, na mfereji huo huishia chini ya kinu. Kinu huyanyanyua maji na kuyatupa katika yale maji mapana ya kushoto, yenye mashua. Hayo wenyewe huyaita boezem, neno ambalo kwao pia ni kifua cha mtu. Boezem huonekana kama mto, lakini ni hodhi refu lenye matuta pande zote mbili, mahali ambapo maji yaliyotolewa mashambani hungoja. Yangoja nini? Yangoja mto wa nje upungue. Pale Kinderdijk, penye vinu mashuhuri kuliko vyote vya nchi hiyo, mto Lek hupanda na kushuka kwa sababu bahari haiko mbali. Maji yakipwa, milango ilifunguliwa na hodhi likajimwaga mtoni. Yakijaa, milango ikafungwa. Mtu wa Lamu au wa Kilwa hahitaji kuelezwa hayo mara mbili. Kupwa, kujaa, bamvua na maji mafu ni maneno yake ya kila siku, na mwendesha kinu wa Kinderdijk naye aliishi kwa hesabu hiyohiyo ya mwezi.

Mtaro, mfereji, hodhi, mto: maji ya aina nne. Na hapa ndipo Kiswahili kinapotaka uangalifu, kwa sababu maneno yetu ya maji ya shambani yamezoea kuelekea upande mwingine. Mfereji wetu huleta. Mifongo ya Wachaga huleta maji ya Kilimanjaro hadi migombani. Mifereji ya Mwea huleta maji ya mito Thiba na Nyamindi hadi kwenye mpunga. Mfereji wa picha hii unafukuza. Msomaji wa Kiswahili akisoma tu kwamba "mfereji unapita malishoni", atadhani ng'ombe hawa wanaletewa maji ya kunywa, kumbe mfereji upo ili wasizame. Ndiyo maana sipendi kuliacha neno hilo peke yake. Ni mfereji wa kutolea maji, na maneno hayo ya ziada hayana budi kuandikwa hata kama nafasi chini ya picha ni finyu.

Sasa kinu. Tumelirithi neno hili likiwa na kazi nyingi: kinu cha kutwangia kilicho jikoni, kinu cha mafuta ya ufuta kilichozungushwa na ngamia katika miji ya pwani, kinu cha pamba. Katika vyote hivyo kitu kigumu huingia kikatoka kimepondwa au kimekamuliwa. Vinu vya picha hii havina nafaka wala jiwe la kusagia. Ndani yake kuna mhimili unaoshuka kutoka juu hadi chini, magurudumu ya meno ya mbao, na mwishoni gurudumu kubwa la makasia linalozunguka katika njia nyembamba ya matofali na kuyasukuma maji yapande. Gurudumu la namna hiyo huyainua maji kama mita moja na nusu, basi. Ardhi ikiwa chini zaidi ya hapo, hujengwa vinu kadhaa kwa kufuatana: cha kwanza humwagia cha pili, cha pili humwagia cha tatu. Karibu na Leidschendam, kusini mwa Leiden, vinu vitatu vya mwaka 1672 vimesimama hadi leo kwa mpango huo. Ningeuita ngazi ya vinu.

Mtu angeweza kusema, basi tusiite kinu, tuite pampu ya upepo. Kwa fundi wa leo jina hilo lingekuwa sahihi. Lakini Waholanzi wenyewe hawakutenganisha. Kitenzi chao malen ni kusaga, na ndicho hichohicho wanachokitumia kwa kutoa maji mashambani. Kituo cha pampu, hata kinachoendeshwa kwa dizeli au umeme, wanakiita gemaal, jina lililozaliwa na kitenzi hicho. Katika lugha yao, maji husagwa.

Na sisi je? Sisi tumeliweka jambo hilohilo katika msemo, na tumeliweka kama mfano wa upuuzi. Anayetwanga maji kwenye kinu anapoteza nguvu zake bure. Hakuna unga utakaotoka. Tangu nilipotambua kwamba picha hii inaonyesha watu wakifanya jambo hilo waziwazi, tena kwa mashine kubwa kuliko nyumba zao, siwezi kuutamka msemo ule kwa wepesi wa zamani. Vinu vya kutoa maji vilianza kufanya kazi Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 15. Mwaka 1612, kaskazini mwa Amsterdam, ziwa zima la Beemster lilikaushwa kwa vinu zaidi ya 40, na zaidi ya hekta 7,000 zikatokea chini ya maji, zikagawanywa kwa mistari iliyonyooka na kulimwa. Unga wa kinu hicho ulikuwa ardhi.

Walakini msemo haujashindwa moja kwa moja. Sehemu kubwa ya udongo wa magharibi mwa nchi hiyo ni majani yaliyoozea majini kwa maelfu ya miaka. Ukiutoa maji, hunywea na kuoza zaidi. Ukinywea, nchi hudidimia. Nchi ikididimia, maji hurudi, na kinu hulazimika kuyanyanyua kutoka chini zaidi kuliko jana. Leo kuna mahali karibu na Rotterdam palipo chini ya usawa wa bahari kwa karibu mita 7. Mvua nayo haikomi. Waliotwanga maji walipata shamba, ila hawakupata siku ya kuuweka mchi chini.

Chukua kioo cha kukuzia sasa, ukisogeze kwenye kinu kilicho karibu zaidi. Kina mikono minne. Kwa mitambo ya umeme ya Ngong au ya Ziwa Turkana neno panga linafaa sana, kwa kuwa kile ni kipande kimoja kigumu na chembamba kinachokata upepo. Kwa kinu hiki halifai. Mkono wake ni boriti ndefu. Upande mmoja wa boriti kuna mbao nyembamba zilizopangwa kwa urefu, na upande wa pili kuna fito zilizofungwa kwa miraba, wazi kabisa, upepo unapita. Kinu kilicho wazi hivyo hakizunguki vizuri mpaka kivikwe kitambaa. Mwendesha kinu hukisimamisha, huuleta mkono mmoja hadi chini, huparamia zile fito na kukitandaza kitambaa juu yake, kisha huuleta mkono wa pili, wa tatu na wa nne. Upepo ukizidi hupanda tena, akakikunja nusu au robo.

Kitambaa hicho ni tanga. Hakuna haja ya kulitafuta neno jipya, wala ya kuomba radhi kwa kulitoa baharini. Waholanzi nao kitambaa hicho hukiita zeil, jina lilelile la tanga la mashua. Nikishalikubali tanga, milango mingine inafunguka yenyewe. Kupunguza tanga ni jambo la kinu kama lilivyo la jahazi. Mbao zile nyembamba ziko upande wa joshi, ambao huukuta upepo kwanza. Fito na tanga ziko upande wa demani. Mkono mzima naona uitwe bawa, ili tanga libaki kuwa kitambaa tu. Baharia mzee wa Unguja angekielewa kinu hiki kwa robo saa, kwa maneno aliyo nayo tayari, na angekielewa kuliko mimi niliyejifunza kwa vitabu.

Angeuliza pia, upepo ukigeuka mnafanyaje? Jahazi hubisha, kinu hugeuza kofia. Paa la juu linalobeba mabawa halikupigiliwa kwenye kuta, limekaa tu juu yake na linaweza kuzungushwa. Nyuma ya kinu chetu inaonekana miti mirefu mitano inayoteremka kutoka kofiani ikakutana karibu na ardhi, penye gurudumu dogo. Huo ni mkia. Mwendesha kinu huzungusha gurudumu hilo kwa mikono na miguu, mnyororo hujikunja, na kofia yote hugeuka na mabawa yake hadi yatazamane na upepo. Mkia huo ni ushahidi mzuri kwa anayetaka kujua picha ilipigwa wapi. Kwa desturi ya mkoa wa Noord-Holland, vinu vya kutoa maji viligeuzwa kutoka ndani ya kofia, na kwa nje havina mkia. Kwa hiyo hapa tuko kusini zaidi, yumkini Zuid-Holland, mkoa wa Kinderdijk, ambako vinu vya pembe nane vilivyoezekwa kwa matete vina mikia ya namna hii. Kinderdijk viko 19. Vinane vya matofali vilijengwa mwaka 1738, vinane vya matete mwaka 1740, na UNESCO iliviingiza katika urithi wa dunia mwaka 1997.

Sasa nifikie jambo lililonishika kuliko yote. Katika kinu cha karibu matanga yote yamekunjwa, na bawa la juu halikusimama wima. Limeinama kidogo upande wa kushoto. Mtu hawezi kulisoma hilo kabla ya kuwa na hakika kwamba picha haikugeuzwa wakati wa kuchapwa, kushoto kukawa kulia, jambo lililotokea mara nyingi katika chapa za zamani. Kuna njia ya kuhakikisha. Vinu vya Uholanzi, ukivitazama kwa mbele, huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Kwa hiyo bawa lililo juu linaelekea kushoto, na mbao zake za joshi sharti ziwe upande wa kushoto wa boriti, fito upande wa kulia. Kioo cha kukuzia kinaonyesha mbao kushoto, fito kulia. Picha iko sawa. Basi bawa lililoinama kushoto ni bawa lililokwisha kupita wima, likaanza kushuka.

Waendesha kinu walikuwa na lugha ya mabawa, na katika sehemu nyingi za nchi ilisomwa hivi. Mabawa yakisimama kama alama ya kujumlisha, kinu kimepumzika kwa muda mfupi. Yakisimama mshazari kama alama ya kuzidisha, kimepumzika kwa muda mrefu. Bawa la juu likisimamishwa kabla tu ya kufika wima, likiwa bado linapanda, nyumbani kuna furaha: mtoto amezaliwa, au kuna harusi. Likisimamishwa baada tu ya kupita wima, likiwa limeanza kuteremka, kuna msiba. Nchi ilikuwa tambarare, kinu kilionekana kwa mbali sana, na habari ilivuka malisho kabla ya mjumbe. Lugha hiyo haijafa. Mwezi Julai 2014, ndege ya Malaysia Airlines iliyotoka Amsterdam ilipoangushwa Ukraine na watu 298 wakafa, wengi wao Waholanzi, vinu vingi nchini kote vilisimamishwa katika mkao wa msiba.

Mwendesha kinu mwenye haraka angeweza kukisimamisha chake popote, na picha moja haitoshi kuthibitisha kifo. Lakini mtu aliyepanda na kukunja matanga manne moja baada ya jingine, kwa utaratibu, hakuwa na haraka. Naamini bawa lile liliachwa pale kwa makusudi. Na kama mchapaji angekuwa ameigeuza picha, tungeuona mkao wa harusi.

Katika Kiswahili mkao huo una jina kabla hata hatujalitafuta. Matanga ni vitambaa vya chombo, na matanga ni siku za msiba. Jamaa huja wakakaa matanga, na siku zikiisha huondoa matanga. Neno moja lenye umbo moja linabeba kitambaa kilichokunjwa kwenye bawa na maombolezo yanayotangazwa na bawa hilohilo. Sikuona katika lugha nyingine ninazozisoma istilahi inayokaa juu ya kitu kwa ukamilifu kama huu. "Kinu kiko matangani" ni sentensi ambayo msomaji wa Mombasa ataielewa mara moja, na Mholanzi akifafanuliwa ataikubali.

Picha yenyewe ni ya rangi, na hapo pia jina linadanganya. Mwisho wa karne ya 19 kamera ya kawaida haikunasa rangi. Kilichotoka kwenye kamera kilikuwa bamba la kioo la nyeusi na nyeupe. Rangi zilitiwa Zürich, nchini Uswisi, kwa njia iliyobuniwa katika miaka ya 1880 na Hans Jakob Schmid, mfanyakazi wa kampuni ya uchapaji ya Orell Füssli. Jiwe la kuchapia lilipakwa lami laini inayogandishwa na mwanga, likaanikwa juani chini ya hasi ya picha, kisha likaoshwa. Palipopata mwanga mwingi lami ilibaki, palipokosa ikatoka. Kila rangi ilitaka jiwe lake. Mawe yalikuwa kadhaa, na mara nyingine zaidi ya 10. Picha za aina hiyo huitwa fotokromu. Ukisogea karibu utaona ukingo wa paa la vigae umevuka kidogo mpaka wake, wekundu umeingia angani kwa unene wa unywele, kwa sababu jiwe moja halikukaa sawasawa juu ya alama ya jingine. Kijani cha tuta na kijani cha malisho ya mbali ni kijani kimoja, jambo lisilotokea duniani.

Mafundi wetu wa studio walisema kupiga picha na kusafisha picha, na kwa filamu maneno hayo mawili yalitosha kuanzia kamera hadi bahasha ya mteja. Kwa fotokromu yanahitaji la tatu, kutia rangi, na tofauti kati ya picha ya rangi na picha iliyotiwa rangi si ya kupuuzwa. Mtu aliyechagua rangi ya ng'ombe hawa huenda hakuwahi kukanyaga Uholanzi.

Mawingu nayo yatazamwe kwa tahadhari hiyohiyo. Mabamba ya zama zile yalikuwa mepesi mno kupokea rangi ya buluu, kwa hiyo anga ilitoka nyeupe tupu hata siku yenye mawingu mazuri. Wapigapicha walichapa mawingu kutoka bamba jingine, au mchapaji akayachora. Hapa mawingu yamechukua theluthi mbili za picha, upeo wa macho ukiwa chini sana, na mpangilio huo una nasaba: ndio wa wachoraji wa karne ya 17, wa Jacob van Ruisdael na michoro yake ya mji wa Haarlem unaoonekana kwa mbali chini ya anga kubwa. Mnunuzi wa picha hii alitaka Uholanzi aliyokwisha kuiona katika fremu za dhahabu. Kinderdijk kulikuwa na pampu za mvuke tangu mwaka 1868. Katika picha za kuuzia wageni bomba la moshi kwa kawaida halikukaribishwa.

Chini kabisa, kwa herufi za dhahabu, kuna namba, herufi P.Z. za wachapaji wa Zürich, na neno moja tu: Holland. Mikoa yenye jina hilo ni miwili kati ya 12 ya nchi nzima, nasi tuliipokea sehemu tukaifanya jina la yote, Uholanzi. Haina neno, Waingereza na wengine wengi wamefanya vivyo hivyo. Ila anayefanya kazi katika nyaraka za zamani akumbuke kwamba Wadachi wa Kiswahili ni Wajerumani, na Waholanzi hawamo katika jina hilo hata kama sauti yake inamkumbusha msomaji Kiingereza.

Nimekuwa nikiliepuka neno mandhari, na sasa niseme kwa nini. Ni neno zuri. Limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa kutazama, na kwa hiyo linaieleza nchi kwa upande wa anayeiangalia: ni yale yanayoonekana ukisimama mahali fulani. Landschap ya Kiholanzi ilianza kwingine. Kabla wachoraji hawajaichukua na kuipeleka Kiingereza, ilikuwa ni nchi yenye mipaka na utawala wake. Mkoa wa Drenthe katika enzi za jamhuri ulijiita Landschap Drenthe, na hapakuwa na picha yoyote katika jina hilo. Kiambishi chake -schap kinatokea pia katika waterschap, baraza linalotawala maji. Nchi ni ile iliyosimamiwa na watu waliokubaliana. Nikiandika mandhari chini ya picha hii namweka msomaji katika kiti cha mtalii, na mwanamke mwenye mzega anageuka pambo. Napendelea sura ya nchi. Sura hutengenezwa na kuharibika. Mandhari hufurahisha tu au huchosha.

Kuna sababu ya kuyashughulikia maneno haya sasa. Wanafunzi wa sekondari nchini Kenya husoma katika jiografia jinsi Uholanzi ilivyojipatia ardhi kutoka majini. Husoma kwa Kiingereza, na wakitaka kumweleza bibi yao nyumbani, istilahi hazipo. Polder, yaani ardhi iliyokaushwa na kuzungushiwa tuta, iandikwe polda, kwa kuwa hatuna kitu hicho. Wengine wanapendekeza jaruba, na nadhani wanakosea: jaruba la mpunga lina kingo ili maji yabaki ndani, polda ina kingo ili maji yabaki nje. Bonde nalo ni kazi ya Mungu. Waterschap isiitwe mamlaka ya maji, jina ambalo Tanzania tayari ni la wanaoleta maji ya bomba. Baraza la maji linatosha, na lina ukweli zaidi, kwani wengi wa wajumbe wake huchaguliwa. Baraza la Rijnland, lenye makao Leiden, limo katika maandishi tangu mwaka 1255. Leo mabaraza yako 21, nayo hutoza kodi yake yenyewe.

Lililobaki ni ule udongo uliorundikwa ambao mpigapicha alisimama juu yake, dijk. Wanahabari huandika mto umevunja kingo zake, hata Budalang'i, ambako mto Nzoia umezuiwa kwa udongo uliojengwa na watu na umeubomoa mara kwa mara. Ukingo ni wa mto wenyewe, uliokuwapo kabla yetu. Kilichojengwa ni tuta, kama tuta la viazi na tuta la reli, na tuta lina wajenzi na lina wanaopaswa kulitunza. Uholanzi ya zamani iligawa matuta vipande vipande, kila mwenye shamba akawa na kipande chake cha kukitunza, na kwa nyakati zilizopangwa wajumbe wa baraza walipita juu yake kwa miguu wakitafuta nyufa na mashimo ya fuko. Ukaguzi huo waliuita schouw, jina linalotokana na kutazama. Aliyekutwa amezembea alitozwa faini, na kipande chake kikatengenezwa kwa gharama yake.